Kabla ya Maiti Kuna Mirathi

Mzee Dashwood yuko mahututi. Anamwita mwanawe wa kiume, John, anamsihi awatazame mama yake wa kambo na dada zake watatu, kwa sababu mali yote imeshafungwa kwenda kwa John na baadaye kwa mtoto wake. John anaahidi. Hapo hapo anapiga hesabu kimoyomoyo, anaona anaweza kuwapa dada zake pauni 3,000, yaani elfu moja kila mmoja, na maisha yake yasitikisike. Baada ya mazishi anakaa na mkewe, Fanny, wazungumze.

Fanny hapandishi sauti. Anamkumbusha tu kwamba wana mtoto mdogo, na kwamba fedha ikishatoka hairudi. Basi, anasema John, iwe pauni 500 kila mmoja. Fanny anaona bado ni nyingi kwa dada wa baba mmoja tu. Basi mama apewe pauni 100 kila mwaka. Hapana, mtu akishapewa posho ya kila mwaka hafi upesi. Basi pauni 50 mara mojamoja, bila ahadi. Mazungumzo yanapokwisha, John ameridhika kabisa kwamba baba yake alikusudia awasaidie kuhamisha vyombo, na awapelekee samaki na nyama ya mawindo msimu wake ukifika.

Mazungumzo hayo ni sura ya pili ya Sense and Sensibility, riwaya ya kwanza ya Jane Austen kuchapishwa, Oktoba 1811. Hakuna aliyekatwa wala kupigwa, na hakuna sheria iliyovunjwa. Wanawake wanne wameporwa katika maongezi ya mume na mke, na waliowapora wataamka kesho wakiheshimiwa na mtaa mzima. Kwetu, ambako karibu kila ukoo una kisa cha mjane aliyekuta kufuli mpya mlangoni kabla arobaini haijafika, sura hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Nimeanza na Fanny Dashwood kwa sababu kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma kwa hamu riwaya za mauaji zinazojengwa ndani ya ulimwengu wa Austen, na kila ninapofunga kimojawapo narudi kwenye sura hiyo kama mtu anayepima dhahabu kwa jiwe. Mpelelezi yeyote huanza na swali moja: kifo hiki kimemnufaisha nani? Austen naye huanza hapo hapo, ila kwake marehemu amekufa kifo cha Mungu na mnufaika amesimama upande wa sheria. Kwa hiyo mwandishi wa leo anayetaka kuleta maiti katika nyumba hizo ana deni la kulipa. Damu anayoimwaga itoke kwenye dhuluma ambayo Austen mwenyewe aliiona: mirathi, ndoa, jina, na nani anasikilizwa akisema. Ikitoka kwingine, tunabaki na maiti na magauni.

Zama zenyewe ni fupi. Mfalme George wa Tatu alipougua akili, mwanawe alikaimu ufalme kuanzia 1811 hadi baba alipofariki mwaka 1820. Katika miaka hiyo tisa ndipo riwaya zote sita za Austen zilipotoka, mbili za mwisho zikichapishwa Desemba 1817, miezi mitano baada ya yeye kufa akiwa na miaka 41. Waandishi wa sasa huzivuta zama hizo nyuma kidogo hadi miaka ya 1790, na wasomaji hawalalamiki, maana vita na Ufaransa ni ile ile, magari ya farasi ni yale yale, na hofu ya binti asiye na mahali pa kwenda baba akifa ni ile ile.

Wamekuja kwa njia mbalimbali. Mmarekani anayeandika kwa jina la Stephanie Barron, aliyewahi kuwa mchambuzi wa habari katika shirika la ujasusi la CIA, alianza mwaka 1996 kumfanya Jane Austen mwenyewe kuwa mpelelezi, akaendelea na mfululizo huo hadi 2023. Mwanya alioutumia ni wa kweli: dada yake Jane, Cassandra, alichoma barua nyingi baada ya mwenzake kufa, zikabaki takriban 160. Mahali barua zilipoungua, mtunzi anapata pa kuingilia. Mwaka 2011 P. D. James, malkia wa riwaya za upelelezi wa Uingereza, aliandika Death Comes to Pemberley, akawarudisha Elizabeth na Darcy wa Pride and Prejudice (1813) miaka sita baada ya harusi yao. Claudia Gray alifuata mwaka 2022 na The Murder of Mr. Wickham, na Jessica Bull mwaka 2024 na Miss Austen Investigates. Wako wengine wengi, na wengi wao siwezi kumshauri mtu apoteze usiku wake kwao.

Swali ambalo watu huniuliza ni hili: kwa nini umchokoze mwandishi wa mapenzi na ndoa kwa maiti? Jibu ni kwamba alikuwa mtunzi wa mafumbo kabla fani hiyo haijapata jina. P. D. James alilisema hilo katika mhadhara wa mwaka 1998 kuhusu Emma, akaonyesha kwamba riwaya hiyo ina kila kitu cha hadithi ya upelelezi isipokuwa mauaji. Siri ni uchumba uliofichwa kati ya Frank Churchill, kijana tajiri mtarajiwa, na Jane Fairfax, yatima asiye na kitu. Dalili zote ziko mezani mbele ya msomaji, na msomaji hazioni.

Nitataja moja tu, kwa sababu kila ninapoirudia naiona ufundi wake upya. Watu wanatembea pamoja, Bwana Perry mtabibu anawapita juu ya farasi. Frank anamuuliza mke wa baba yake: ule mpango wa Perry wa kununua gari uliishia wapi? Mama anashangaa, hajapata kusikia habari hiyo. Frank anasisitiza kwamba yeye ndiye aliyemwandikia kwenye barua. Hakuandika. Frank anageuza: basi nimeota. Hapo anaingia Miss Bates, mwanamke maskini asiyeolewa, msemaji mno, ambaye kila mtu amejifunza kumwacha aongee bila kumsikiliza. Anasema, katikati ya maneno mengine mengi, kwamba mpango huo kweli ulikuwepo, ila ulikuwa siri. Mkewe Perry alimwambia mama yake Miss Bates, na Jane naye aliusikia. Fumbo limeshafumbuliwa. Frank alipata habari hizo kwa barua kutoka kwa Jane, na mwanamume na mwanamke wasio na uchumba hawakuruhusiwa kuandikiana. Muda mfupi baadaye wanakaa kucheza mchezo wa kupanga herufi, Frank anamsogezea Jane neno lenye maana ya kuboronga, Jane anasoma, anatabasamu kidogo kisha anaona haya, na Bwana Knightley, jirani mwenye ardhi, peke yake ndiye anayetazama.

Ushahidi wote umetolewa hadharani na shahidi asiyehesabika. Austen ameuficha ndani ya dharau yetu. Sisi tunaosoma tumeshaamua, kama wale waliokuwepo, kwamba mama huyu hana la maana. Sijui mtunzi mwingine aliyetumia kiburi cha msomaji kama pazia kwa ustadi kama huo.

Na sheria za wakati ule zinambana mtunzi arudi kwenye ufundi huo huo, apende asipende. Uingereza haikuwa na polisi kama tunaowajua. Henry Fielding, mtunzi wa riwaya aliyekuwa pia hakimu, aliunda kikosi kidogo cha wapelelezi katika mtaa wa Bow Street, London, mwaka 1749; jeshi la polisi la jiji hilo lilikuja 1829. Kijijini kulikuwa na konstebo wa parokia, mkulima au fundi aliyepewa zamu ya kazi hiyo bila mshahara. Juu yake alikaa hakimu, naye alikuwa mwenye ardhi. Bwana Knightley ni hakimu. Maana yake, anayepeleleza hula chakula cha jioni na mtuhumiwa akiwa tajiri, na humtoza kodi ya pango akiwa maskini. Mwili ukikutwa, mchunguzi wa vifo aliita juri, mara nyingi katika baa ya kijiji, wajumbe wakautazama mwili kwa macho yao na kutoa neno. Alama za vidole hazikujulikana. Aseniki iliuzwa kama sumu ya panya kwa yeyote, hadi sheria ilipoidhibiti mwaka 1851, na kipimo cha kuaminika cha kuigundua kilitangazwa mwaka 1836, karibu miaka ishirini baada ya Austen kuzikwa.

Ukishaondoa maabara na polisi, kinachobaki ni masikio, barua, mavazi, nani alicheza dansi na nani mara mbili, nani alitembelewa na nani hakutembelewa. Yaani malighafi ya Austen. Ndiyo sababu naamini tanzu hii ina haki ya kuwepo.

Wala zama zenyewe hazikuwa za chai na vinanda peke yake. Wiki chache baada ya Sense and Sensibility kutoka, usiku wa tarehe 7 Desemba 1811, familia ya mwenye duka Timothy Marr iliuawa karibu na bandari ya London, katika barabara ya Ratcliffe Highway, hadi mtoto mchanga. Siku kumi na mbili baadaye nyumba nyingine ya jirani ikavamiwa. Watu saba walikufa. Baharia mmoja, John Williams, alikamatwa, akakutwa amejinyonga rumande kabla kesi haijasikilizwa, na wakubwa wakaona hilo linatosha kuwa ungamo. Maiti yake ilipitishwa mitaani juu ya mkokoteni, ikazikwa njia panda na mti ukapigiliwa moyoni. P. D. James, miaka arobaini kabla ya kuandika kuhusu Pemberley, alikuwa tayari ameandika kitabu na mwanahistoria T. A. Critchley kuhusu kesi hiyo, wakatilia shaka kama Williams ndiye, au kama alikuwa peke yake. Mei 1812 waziri mkuu Spencer Perceval alipigwa risasi ndani ya jengo la Bunge. Muuaji wake alinyongwa siku saba baadaye. Hizo ndizo habari zilizofika kwenye meza za kifungua kinywa ambako riwaya hizi zilisomwa.

Lakini kesi ninayoiona kuwa msingi wa tanzu yote haina maiti. Agosti 1799, katika mji wa Bath, shangazi yake Jane Austen, Bi. Leigh Perrot, alinunua lesi nyeusi dukani. Alipotoka, wenye duka walimfuata, wakakuta katika kifurushi chake lesi nyeupe ambayo hakuilipia. Thamani yake ilikuwa shilingi 20. Kwa wizi wa kiasi hicho sheria iliruhusu kunyongwa. Kilichotarajiwa zaidi ni kupelekwa Australia kama mfungwa kwa miaka 14. Alishikiliwa miezi saba nyumbani kwa askari jela wa Ilchester, mumewe akikaa naye. Mama yake Jane alijitolea kuwatuma mabinti zake wakakae na shangazi yao huko, shangazi akakataa. Machi 1800 alisimama mbele ya mahakama Taunton, na kwa kuwa sheria ya wakati ule haikumruhusu wakili wa mshtakiwa kuzungumza na juri, ilimbidi ajitetee kwa mdomo wake mwenyewe. Juri halikukaa sana. Aliachiwa.

Jane alikuwa na miaka 24. Alijua kwamba shangazi aliokolewa na mume, fedha, mashahidi wenye vyeo na ulimi uliosoma. Mtumishi aliyekamatwa na lesi ile ile angekuwa amefungwa minyororo ndani ya meli. Mtu akiniambia kwamba Austen hakuijua mahakama wala jela, namwelekeza Ilchester.

Sasa nirudi kwenye vitabu. Death Comes to Pemberley kinaanza vizuri mno. Ni Oktoba 1803, usiku wa kuamkia karamu kubwa ya dansi. Gari linakuja kwa kasi kwenye giza, Lydia, mdogo wake Elizabeth, anashuka akipiga mayowe kwamba mumewe Wickham ameuawa msituni. Wanapomkuta, Wickham yu hai, ametapakaa damu, amepiga magoti kando ya maiti ya rafiki yake Kapteni Denny, akilia kwamba amemuua. Darcy ni hakimu, lakini ardhi ni yake na mtuhumiwa ni shemeji, kwa hiyo analazimika kumwita hakimu jirani ambaye hawapatani sana. James alifanya kazi miaka mingi katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, alijua namna jalada linavyotembea, na sehemu za uchunguzi wa kifo na kesi katika mahakama ya Old Bailey, London, zimesimama imara. Heshima yangu kwake haina mpaka.

Hata hivyo kitabu hicho kiliniumiza. Wanaume wanachukua taa wanaingia msituni. Elizabeth anabaki nyumbani kutengeneza vyumba na kuandika barua. Mwanamke ambaye macho yake na ulimi wake ndivyo vilivyoiendesha riwaya ya 1813 amekuwa mwenye nyumba anayesubiri kuambiwa. James aliitii sheria ya wakati ule hadi akasahau njia ambazo wanawake wake waliizunguka. Tamthilia ya televisheni ya BBC ya mwaka 2013 ilimrudishia Elizabeth miguu yake, ikamwacha atembee, aulize, aunganishe maneno ya watumishi na ya wapangaji, na nadhani waliotunga muswada wake walimsoma Austen kwa sikio zuri zaidi katika hilo.

Claudia Gray ana tatizo la aina nyingine: maiti rahisi. Anawakusanya wahusika wa riwaya mbalimbali za Austen nyumbani kwa Emma na Knightley, anamleta Wickham bila kualikwa, amewatapeli baadhi yao na kuwashika wengine pabaya, kisha anamuua. Kila mtu ana sababu, na hakuna anayelia. Msomaji amekuwa akimtaka huyo mtu apatikane na jambo tangu 1813. Uovu wa Wickham unakuwa ruhusa kwetu ya kufurahia, na swali la nani alimuua linapungua uzito, kwa sababu moyoni tumeshamsamehe muuaji. Austen hakutupa ruhusa hiyo. Wickham wake anaishia ameoa, amelipiwa madeni, ametafutiwa cheo jeshini kaskazini, na anaendelea kuomba omba fedha. Adhabu hakuna. Ukimuua, unaifuta hukumu hiyo kali kuliko zote, kwamba walaghai wenye sura nzuri hutunzwa.

Lakini namsifu Gray kwa jambo moja ambalo wenzake wengi hawalitilii maanani. Wapelelezi wake ni vijana wawili, Jonathan mtoto wa Darcy na Juliet binti wa Catherine na Henry Tilney wa Northanger Abbey, na adabu za wakati ule haziwaruhusu kukaa peke yao chumbani hata dakika tano. Kila kikao cha kupeana habari kinabidi kipangwe kama njama. Anayepanda ngazi anasikika, anayetoka nje anaulizwa. Adabu imekuwa ukuta, na ukuta huo unazalisha hadithi. Linganisha na vitabu vile ambavyo shujaa wa kike anapanda farasi usiku wa manane kwenda gatini, anawahoji mabaharia, anarudi kabla ya chai, na jina lake halichafuki. Huyo ni mtu wa leo aliyeazima gauni. Hatari yake haiko mahali pake: katika dunia ile, kilichomtisha binti kuliko kisu cha muuaji kilikuwa ni neno moja la jirani.

Kitabu cha Jessica Bull ndicho kinachonijibu vizuri zaidi. Ni mwaka 1795, Jane ana miaka 19, yuko kwenye dansi akitarajia kuposwa, na mwanamke mtengeneza kofia anakutwa ameuawa ndani ya nyumba ya karamu. Anayekamatwa ni George, kaka yake Jane. George Austen alikuwepo kweli. Alizaliwa 1766, alikuwa na kifafa na ulemavu, akalelewa nje ya nyumba na familia nyingine ya Hampshire hadi alipofariki 1838, miaka mingi baada ya Jane, na katika barua za familia karibu hatajwi. Bull amemchukua mtu aliyefichwa akamweka kizimbani, mahali ambapo mtu hujitetea kwa mdomo wake mwenyewe, na huyu hana maneno. Msomaji anayekumbuka Taunton anaelewa papo hapo uzito wa jambo hilo. Aliyeuawa ni mwanamke mfanyakazi, mgeni, asiye na ukoo wa kumdai. Anayetuhumiwa ni mtu ambaye hata ukoo wake mwenyewe hauzoei kumtaja. Hapo damu imetoka kwenye jeraha la kweli.

Msomaji wa Kiswahili ana kipimo chake tayari kwa mambo haya, tangu mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla alipotupatia Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale. Kila mtu anaona kiko mdomoni, anaona Najum akifuata nyuma, anatambua Sherlock Holmes ametoka London amefika Unguja. Lakini Abdulla hakuishia kwenye kiko. Aliwapeleka hao wawili kwenye mashamba ya wenye mali, kwenye nasaba zilizochanganyika na watoto wasiojua baba zao, kwenye mzimu ambao watu waliuogopa na mtu mwenye akili angeweza kujificha nyuma ya woga huo. Kila mauaji yake yana mizizi ndani ya nyumba na ukoo. Kifaa ni cha kigeni, kidonda ni cha hapa. Nikiwa kijana nilimsoma Bwana Msa kwa ajili ya kujua nani kaua. Sasa namsoma nione Unguja ilivyokuwa ikigawana mashamba na kuficha watoto.

Austen mwenyewe aliyajua majaribu ya tanzu hii. Akiwa binti mdogo aliandika vichekesho vyenye sumu na kitanzi, pamoja na barua ya msichana anayetaja kwa utulivu kwamba ameshamuua baba yake, ameshamuua mama yake, na sasa anajiandaa kumuua dada yake. Alipokomaa alirudi kwenye jambo hilo kwa upole katika Northanger Abbey. Catherine Morland, aliyejaa riwaya za kutisha kichwani, anafungua kabati usiku akitetemeka, anakuta karatasi. Asubuhi anaona ni hesabu za dobi. Anaendelea kushuku kwamba mwenyeji wake, Jenerali Tilney, alimuua mkewe. Henry, mtoto wa Jenerali, anapogundua anamkemea: katika nchi kama yetu, anamwuliza, ambako kila mtu amezungukwa na majirani wapelelezi wa kujitolea, mambo kama hayo yangefichika vipi?

Watu hulisoma hilo kama somo kwa Catherine kwamba asome riwaya kidogo. Mimi nasoma sura zinazofuata. Jenerali anasikia kwamba Catherine hana fedha alizodhani anazo, na anamtoa nyumbani kwake alfajiri, binti mdogo, safari ya maili 70 peke yake, bila mtumishi na karibu bila nauli. Catherine alikosea kuhusu kosa. Kuhusu mtu hakukosea. Na wale majirani wapelelezi hawakuona kitu, kwa sababu mwenye nyumba kumfukuza mgeni lilikuwa jambo lake.

Tukifuata mkondo huo tunafika kwenye nyumba moja ambayo ningependa watunzi waikalie kwa muda mrefu. Mansfield Park, riwaya ya 1814, ina tajiri Sir Thomas Bertram mwenye mali Antigua, kisiwa cha mashamba ya miwa ya West Indies. Mambo ya huko yanaharibika, anasafiri kwenda kuyatengeneza, anakaa karibu miaka miwili. Hatuambiwi alichokwenda kufanya, wala alichokiona, wala nani alilia kwa ajili yake. Sheria ya 1807 ilikuwa imeharamisha biashara ya watumwa katika himaya ya Uingereza, lakini utumwa wenyewe uliendelea mashambani. Na jina la nyumba haliwezi kuwa bahati tupu kwa msomaji wa wakati ule, maana Jaji Mansfield ndiye aliyeamua mwaka 1772 kwamba mtumwa James Somerset hawezi kutolewa Uingereza kwa nguvu.

Sir Thomas anarudi. Jioni moja mpwa wa mkewe, Fanny Price, maskini aliyelelewa kwa hisani, anamuuliza kuhusu biashara ya watumwa. Austen hatuonyeshi jioni hiyo. Tunaisikia kesho yake, Fanny akimweleza binamu yake Edmund kwamba alitaka kuuliza zaidi, lakini palikuwa na kimya kizito mno, na mabinti wa nyumba walikaa pale bila kuonyesha kwamba jambo hilo linawahusu. Mhakiki Edward Said aliandika kuhusu kimya hicho mwaka 1993, na wasomi wamebishana tangu hapo. Mimi naomba tu kusema kwamba msomaji wa pwani yetu anaijua sebule hiyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadi leo zipo nyumba ambamo ukiuliza bibi mzaa bibi alitoka wapi, kikombe kinawekwa chini na mazungumzo yanageuzwa kuwa ya mvua.

Ningetaka kuisoma riwaya ya mauaji inayoanzia hapo. Sir Thomas mezani akiwa amekonda na kuungua na jua. Barua kutoka Antigua ambayo mtu mmoja ameisoma na kuirudisha ndani ya bahasha. Na msichana anayeinuka baada ya kimya, anapanda hadi chumba cha mashariki ambacho Shangazi Norris amekataza kisiwashwe moto, anakaa kwenye baridi, swali lake bado liko naye.